Uzoefu wangu: kupimiwa pawasaplai Mwanza baada ya kuongeza kadi ya grafiki

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu hapa Kirumba, na mwezi uliopita nilifunga kadi ya grafiki ya GTX 1660 Super kwenye kompyuta yangu ya mezani baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba pawasaplai yangu (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) iliyoandikwa wati 500 inatosha, kwa kuwa mtengenezaji wa kadi anapendekeza wati 450. Kwa kuwa pawasaplai hiyo haikuwa na waya wa pini nane wa kuipa kadi umeme, alinipa kiunganishi cha kuunganisha na waya za diski. Siku ya tatu, nikiwa katikati ya kutoa video ambayo wenyewe walikuwa wakiisubiri, mashine ilizima ghafla, na kila niliporudia kazi ileile ilizima tena.

Niliibeba hadi kwa fundi mmoja wa Mtaa wa Rwagasore. Nilitarajia aanze kwa kunitajia bei ya pawasaplai mpya, lakini alifungua ubavu wa kasha, akapuliza vumbi pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani waliokauka kwenye feni, kisha akanimulikia tochi nisome lebo mwenyewe. Namba kubwa ilikuwa 500 kweli. Chini yake, kwa maandishi madogo, mstari wa volti 12 ulionyesha amperi 18 tu. Amperi 18 mara volti 12 ni wati 216, na ni katika njia hiyo ya umeme wa volti 12 ambapo kadi na prosesa (ubongo wa kompyuta) huchota karibu umeme wao wote. Kadi yangu inahitaji wati 125, prosesa 65, jumla 190, hapo diski, feni na ubao mama havijahesabiwa, wala ile mipando ya ghafla ya umeme ambao kadi huchota inapofanya kazi nzito.

Hakuishia kwenye hesabu. Alichomeka multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye waya wa njano na mweusi, akawasha programu ya kuichosha kadi, nasi tukatazama namba ya volti ikishuka kutoka 11.9 hadi 11.2, ilhali kiwango kinachoruhusiwa hakipaswi kushuka chini ya 11.4. Alipochomoa kile kiunganishi, plastiki kuzunguka pini moja ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia. Kusema kweli hilo liliniogopesha kuliko kuzimika kwenyewe, kwa sababu mashine hulala ikifanya kazi nami nikiwa chumba cha pili na wanangu.

Nilinunua kwake pawasaplai ya wati 550 ambayo lebo yake inaonyesha amperi 45 kwenye volti 12, yaani wati 540, na ina waya wake wa pini nane unaotoka moja kwa moja ndani. Kipimo kilekile kilipita nusu saa bila namba kushuka chini ya 12. Kupimiwa kulinigharimu shilingi 10,000, na fedha hiyo aliikata kwenye bei ya kifaa.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu nilisubiri tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na dhamana ya miezi sita aliniahidi kwa mdomo mpaka nilipomsisitiza aiandike kwenye risiti.