Msimu wa tano nasafisha theluji njia za miguu: mashine zilizonifaa na ile niliyokimbilia kununua

Niko msimu wa tano sasa kwenye hii kazi ya kuondoa theluji kwenye njia za waenda kwa miguu. Sio barabara, nasema njia za miguu, zile za mbele ya maduka, zahanati, magorofa ya kupangisha. Naandika hivi kwa sababu nilipoanza kila niliyemuuliza alinijibu kitu kimoja, nunua mashine kubwa uondoe wasiwasi. Muuzaji naye akasema hivyo hivyo. Nikanunua kubwa, na msimu mzima wa kwanza nikaulipia.

Ile mashine ni ya hatua mbili, upana sentimita 76. Mbele ina parafujo kubwa la chuma linalokusanya theluji, nyuma yake kuna pangaboi linaloipokea na kuirusha mbali kupitia shingo unayoigeuza upande unaotaka. Ina nguvu kwelikweli, theluji ya magoti inaila bila kulalamika. Sasa shida ikaanza wiki ya kwanza tu, kuna sehemu nguzo ya taa iko katikati ya njia na kati ya nguzo na ukuta imebaki nafasi ya kama sentimita 70, mashine haipiti, inabidi nizime, nichukue koleo nichote kwa mkono, afu niizungushe mashine kupitia barabarani magari yanapita pembeni yangu. Na nguzo za hivo kwenye ile njia zilikuwa nyingi.

Lakini hilo la upana ni dogo ukilinganisha na hili la pili. Lile parafujo la chuma halitakiwi kugusa chini, ndo maana pembeni kuna viatu vya chuma vinavyoinyanyua mashine kidogo, usipoviweka sawa chuma kinakwaruza zege au kinabeba kokoto na kuzirusha kwenye kioo cha mtu. Kwa hiyo hata ukipita vizuri namna gani inabaki tabaka nyembamba chini. Barabarani tabaka hilo halina maana sana, ila njia ya miguu watu wanalikanyaga, linashindiliwa, usiku linaganda, asubuhi ni barafu tupu. Nikawa namwaga chumvi magunia kwa magunia kufidia kazi ambayo mashine haikuifanya.

Kuna siku nilichelewa kufika kwenye zahanati moja, kama masaa mawili hivi, na theluji yenyewe ilikuwa ndogo, sentimita 3 labda. Watu walishapita. Nikapitisha mashine, theluji laini ikaondoka yote ila nyayo zikabaki, kila mahali mtu alipokanyaga kumebaki kibonge kigumu chenye umbo la soli ya kiatu kimeshikana na zege. Akaja mama mmoja mtu mzima na fimbo, akawa anaigusisha fimbo kwenye kila unyayo kabla hajaweka mguu, anagusa, anasogea, anagusa, anasogea, mpaka akafika mlangoni. Mi nimezima mashine nimesimama pembeni namwangalia. Siku ile ndo nilielewa kwamba kazi yangu sio kuhamisha theluji, kazi ni kuifikia zege kabla watu hawajaikanyaga, na mashine niliyokuwa nayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Msimu uliofuata nikachukua mashine ya ufagio, ile yenye brashi la mviringo linalozunguka mbele. Niseme wazi, hii ndo mashine bora niliyowahi kununua kwa kazi hii. Theluji kavu mpya ya sentimita 5 mpaka 8 hivi inaifagia mpaka unaona rangi ya zege, inaingia kwenye mistari ya viungo, inapita juu ya zege lililonyanyuka bila kugonga, na brashi unaligeuza kushoto au kulia ili theluji iende upande mmoja. Matumizi yangu ya chumvi yalishuka nikaona kabisa, gunia nililokuwa namaliza sehemu moja nikawa namaliza sehemu mbili.

Kasoro zake zipo na ni za kweli. Theluji yenye maji inaishinda, inajipaka kwenye brashi na kugeuka uji, unakuwa unapaka badala ya kufagia. Ikifika kina kirefu ndo kabisa haiwezi. Na upepo ukivuma kuja kwako yote inakurudia usoni, miwani ya kuziba macho ni lazima. Kitu ambacho hawakunieleza wakati nanunua ni brashi likae juu kiasi gani kutoka chini. Watu wengi wanalikandamiza chini wakidhani litasafisha zaidi, hapana, ncha za nyuzi ndo zinafanya kazi, ukilikandamiza nyuzi zinalala na kuisha mapema mno. Mi naisimamisha mashine sehemu tambarare yenye theluji nyepesi, nazungusha brashi sekunde chache bila kusogea, nanyanyua naangalia alama iliyobaki chini. Ikiwa na upana kama wa sentimita 5 mpaka 10 niko sawa, ikizidi hapo nalipandisha. Na alama ikiwa nene upande mmoja nyembamba mwingine ujue limekaa upande.

Kwa siku za theluji ya kati, tuseme mpaka sentimita 15 au 20, natumia ya hatua moja, ile ndogo yenye makasia ya mpira ambayo yenyewe ndo yanakusanya na kurusha, haina pangaboi nyuma. Mpira unagusa chini kwa hiyo inasafisha karibu na zege kuliko ile kubwa, ina upana wa kama sentimita 50, inapita kwenye ile nguzo bila shida, na watu wawili wanaipandisha kwenye gari bila rampu. Ila usiipeleke kwenye changarawe, itazitafuna na kuzirusha zote. Theluji ya maji inaweza kuziba shingo, kabla ya kutoka napulizia silikoni ndani ya shingo na nafuu inaonekana, sio dawa ya moja kwa moja ila inasaidia.

Ile kubwa sikuiuza. Ina kazi yake moja ambayo hakuna nyingine inaiweza, nayo ni pale kwenye kona za kuvukia barabara, maana gari la kusafisha barabara likipita linasukuma ukuta wa theluji iliyoshindiliwa, imechanganyika na matope na vipande vya barafu, na unauziba mdomo wa njia kabisa. Mtu mzima anaweza kuruka, mwenye kiti cha magurudumu hawezi, mwenye mtoto kwenye kigari hawezi. Pale naipeleka kubwa na nahakikisha nimefungua si chini ya sentimita 90, nikiweza zaidi. Ukiwa nayo beba pini za akiba mfukoni, zile zinazokatika parafujo likigonga kitu kigumu. Zimewekwa zikatike makusudi ili giaboksi ipone. Nimeona mtu kaweka bolti ya kawaida ngumu kwa sababu amechoka kubadilisha pini, bolti haikukatika kweli, giaboksi ndo ikapasuka.

Zile mashine unazosimama juu yake ukiendesha nazo nimezitumia, niliazima msimu mmoja. Mbele unafunga bledi, yaani bao la kusukumia theluji, au brashi, nyuma kuna tangi la maji ya chumvi. Kwa njia ndefu zilizonyooka hazina mpinzani, mtu mmoja anafanya kazi ya watatu na hachoki. Ila lazima uwe na kilomita za kutosha, na trela, na mahali pa kuilaza. Ukichukua yenye bledi hakikisha bledi ina springi za kujikunja, maana zege lililonyanyuliwa na mizizi ya mti hulioni chini ya theluji, bledi isiyojikunja inasimama ghafla na wewe unaendelea mbele, kifua changu kiligonga usukani na kiliuma wiki nzima.

Chumvi nayo ni kifaa jamani, watu wanaisahau. Ile ya kawaida inafanya kazi vizuri mpaka kwenye nyuzi kama 9 chini ya sifuri, chini ya hapo inayeyusha polepole sana, utamwaga gunia na barafu imetulia tu. Baridi ikizidi hapo natumia kalsiamu kloraidi, chumvi ya aina nyingine inayoyeyusha hata kwenye baridi kali zaidi. Kitoroli cha kumwagia chukua kile kinachodondosha chini moja kwa moja, sio kinachorusha kwa kuzunguka, kwa sababu njia ya miguu ni nyembamba na kinachorusha kinapeleka nusu kwenye majani na milango ya watu. Usilaze chumvi ndani ya kitoroli usiku, inavuta unyevu asubuhi unakuta jiwe. Na zege jipya ambalo halijamaliza mwaka usilimwagie, linabanduka juu, tumia mchanga upate mshiko.

Za betri nimejaribu ya hatua moja. Kimya, nzuri sana alfajiri kwenye magorofa ya watu waliolala, ila baridi inakula chaji, kwa hiyo betri zinakaa ndani ya gari penye joto na zinatoka wakati wa kutumika tu. Kwa kazi ya masaa mengi mfululizo bado natembea na petroli.

Na tafadhali, naomba hili kwa moyo wote, shingo ikiziba usiingize mkono. Hata glovu nene haikusaidii. Zima injini, subiri kila kitu kisimame, tumia kijiti kinachokuja na mashine. Hata ikiwa imezimwa parafujo linaweza kuwa bado limebanwa na nguvu iliyobaki kwenye mkanda, ukiondoa kilichokwama linaruka nusu mzunguko na vidole viko pale. Wafanyakazi wangu hili ndo la kwanza nawafundisha kabla hata ya kuwasha.

Anayeanza na ana uwezo wa mashine moja tu, mi ningesema hivi. Kabla theluji haijaanza tembea kwenye njia zako zote na tepu, pima pale panapobana kuliko pote, angalia nguzo, ngazi, zege lililonyanyuka, sehemu ya kutupia theluji iko upande gani. Kama eneo lako linapata theluji ndogo ndogo kavu mara nyingi, chukua ufagio. Kama mara nyingi ni nzito ya maji, chukua ya hatua moja yenye mpira, na koleo mbili nzuri za mpini uliopinda kwa ajili ya ngazi. Kona za kuvukia utachimba kwa mkono msimu wa kwanza, ni kazi ngumu mgongo utauona, ila kubwa inaweza kusubiri.