Chumba cha Juu ya Maji kwa Fungate: Je, Kinastahili Kuchaguliwa Kwanza?

Maharusi wengi wanaopanga fungate kisiwani huvutwa na picha ile ile: nyumba ndogo ya makuti iliyosimama juu ya nguzo, maji ya kijani pande zote, na ngazi inayoteremka kutoka kibarazani hadi baharini. Nimelala katika vyumba vya namna hiyo na katika vyumba vya ufukweni, na maoni yangu ni kwamba chumba cha juu ya maji ni kizuri kweli, ila hakistahili kuwa jambo la kwanza kuchaguliwa. La kwanza ni upande wa kisiwa na msimu wa upepo, kisha ndipo chumba kifuate.

Vyumba hivi vilianza mwaka 1967 katika kisiwa cha Raiatea, Polinesia ya Kifaransa, ambako Wamarekani watatu wenye hoteli walikuwa na kiwanja kisicho na ufukwe wa maana, wakaamua kujenga juu ya maji. Asili hiyo inaeleza uzuri wake na upungufu wake hadi leo. Uzuri ni kwamba alfajiri mnateremka ngazi na mnaogelea kabla gati, ile njia ya mbao inayounganisha vyumba, halijapitwa na mtu, na usiku, taa iliyofungwa chini ya sakafu ikiwashwa, samaki huja mmoja mmoja chini ya kile kioo cha sakafuni, nanyi mkajikuta mmelala kifudifudi mkiwatazama hadi mkasahau chakula. Upungufu ni kwamba hakuna mchanga mlangoni wala kivuli cha mti, mbao za gati huchoma nyayo mchana, na upepo ukikaza, mawimbi hugonga nguzo usiku kucha, sauti inayowabembeleza wengine na kuwanyima wengine usingizi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni faragha, maana ndiyo hasa inayotafutwa katika fungate. Vibaraza vikipangwa mstari mmoja, anayeshuka ngazi huonwa na jirani wa kulia na wa kushoto, na picha za matangazo hazionyeshi hilo kamwe. Chumba cha ufukweni kilichozungukwa na miti mara nyingi huwapa wawili siri kubwa zaidi. Anayeushikilia moyo wake kwenye maji basi aombe chumba cha mwishoni mwa gati, tena ajue kwamba upande wa machweo hupigwa na jua kali alasiri nzima.

Sasa upepo. Katika Shelisheli, ufukwe wa Beau Vallon ulio kaskazini magharibi ya kisiwa cha Mahé hutulia wakati wa kusi, yaani takriban Mei hadi Septemba, lakini huchafuka upepo unapogeuka. Wakati huo huo wa kusi, ufukwe wa Grand Anse katika kisiwa cha Praslin huweza kujaa mwani. Morisi nayo, katika miezi ya Juni hadi Agosti, pwani ya mashariki kama Belle Mare hupigwa na upepo mkali huku Flic en Flac, upande wa magharibi, ikiwa imekingwa. Hoteli ile ile, chumba kile kile, huweza kuwa kama peponi Desemba na adha Julai.

Kupwa na kujaa kwa maji pia kunataka kuulizwa. Maldivi tofauti ni ya takriban mita moja tu, kwa hiyo karibu saa yoyote mnaweza kuogelea. Pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje, maji ya bamvua, yaani ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa na kupwa kwa takriban mita nne, na yakipwa bahari husogea mbali kiasi cha kuacha mchanga na mwani mtupu. Mandhari ni ya kupendeza, ila anayetaka kujitosa majini wakati wowote atafurahi zaidi Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa Unguja.

Kwa Maldivi, nitaongeza safari ya kufika. Ndege za majini huruka mchana tu, hivyo wanaotua alasiri mno hulazimika kulala karibu na uwanja wa ndege, na usiku wa kwanza wa fungate unapotea. Iulizeni hoteli pia kuhusu hali ya matumbawe yaliyo mbele ya chumba, kwa kuwa joto la bahari la mwaka 1998 na la mwaka 2016 liliyapausha mengi, na gati lililojengwa juu ya mchanga mtupu halina samaki wa kutazama. Nyumba za wageni katika visiwa vinavyokaliwa na wenyeji ni nafuu na zina ukarimu wa karibu, ila pombe hairuhusiwi huko na mavazi ya kuogelea yana fukwe zake maalumu.

Kama uwezo upo, ningeshauri kuanza ufukweni na kumalizia siku chache juu ya maji, mwili ukiwa umeshapumzika na mmekwisha kujua gati lipi limekingwa na upepo. Hoteli nyingi hukubali mgawanyo huo ukiombwa mapema wakati wa kuweka nafasi, na wafanyakazi huhamisha mizigo huku wenyewe mkiwa baharini.