Moodle kwa kwizi na rubriki: nimeitumia mihula mitatu, haya ndo niliyoyaona

Mi nafundisha takwimu kwenye idara moja ya chuo hapa Tanzania. Moodle ni mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, na hapa naongelea upande wa kupima wanafunzi tu, maana huko kwingine ni kupandisha madesa, kila mtu anakujua.

Bei ni bure, yule Mwaustralia Martin Dougiamas aliitoa 2002 na mpaka leo leseni hulipii, gharama yenu ni seva na mtu wa IT wa kuilea.

Kilichonikamata ni ile ripoti ya takwimu za kwizi. Inakuonyesha kila swali limepatwa na asilimia ngapi ya darasa, na kama waliolipata ndo haohao waliofanya vizuri test nzima. Sasa test yangu ya kwanza swali la 7, la mediani (namba ya katikati data zikishapangwa kwa ukubwa), likaja na asilimia 18 halafu ile namba ya kutofautisha wanafunzi ipo hasi, yani vichwa wa darasa wamekosa, wanaosuasua ndo wamepata. Nikajiandaa kwenda kuwagombeza, kumbe jibu nililoweka mimi ndo bovu! Data hazikuwa zimepangwa na mi nikachukua namba iliyokaa katikati hivyohivyo, kosa lilelile nawakatazaga kila siku. Nikarekebisha, nikabonyeza kusahihisha upya, darasa zima maksi zikabadilika hapohapo. Ingekuwa karatasi hilo lingepita kimyakimya na kwetu CA, yani maksi za kazi za muhula kabla ya mtihani wa mwisho, ni 40, mtu anakula sapu (mtihani wa marudio) kwa uzembe wangu.

Bando likikata katikati siyo balaa sana, majibu yanajihifadhi, wengi wanafanyia kwenye simu. Maswali ya insha lakini unasahihisha mwenyewe, usidanganywe.

Rubriki sasa, yani lile jedwali la vigezo vya kusahihishia, kila kigezo na maksi zake. Kusahihisha ripoti za utafiti nabonyeza vibox tu inajumlisha, na mwanafunzi anaona maksi imekatwa wapi, zile safari za ofisini "mwalimu naomba niangalizie" zimepungua mno. Ila hapa ndo imeniudhi: mtaala unataka mwanafunzi aweze kufasiri matokeo, mi nataka kujua darasa zima kwenye kigezo hicho limesimama wapi, yenyewe inanipa jumla, huyu 14 kati ya 20 yule 13. Ripoti ya kigezo kimoja kimoja haiji nayo, mpaka muweke plagini (kiprogramu cha nyongeza), na IT wetu wananiambia "tutaangalia" tangu mwaka jana. Nikakaa jioni mbili na Excel nikahesabu mwenyewe. Utangulizi wanaua, kukokotoa wako vizuri, kufasiri hoi kabisa, mtu anakuletea jedwali safi halafu chini yake anarudia namba zilezile kwa maneno. Nikapeleka kwenye kikao cha idara, swali la kwanza nililoulizwa, "waliofeli wangapi?" Nikasema watatu. "Sasa tatizo liko wapi mwalimu?" Ajenda ikafungwa, tukahamia kwenye ratiba ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula.

Nyota 4. Kama kuna mtu kaweka hiyo plagini ya rubriki na haikumvurugia maksi za zamani, njoo inbox tafadhali, muhula unaanza wiki mbili zijazo na sitaki tena mambo ya Excel.