Mashine ya kuoshea vyombo kwa maji ya Dodoma: uzoefu wangu

Ukiwa Dodoma na unataka kununua mashine ya kuoshea vyombo, kabla ya kuuliza bei chungulia ndani ya birika lako la umeme. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ndio utakaokusumbua. Maji yetu mengi ni ya visima, kuanzia vile vya Mzakwe hadi hivi tunavyochimba majumbani, na yana madini.

Yangu iko jikoni kwetu Ilazo. Mwanzoni glasi zilikuwa zinatoka na utando kama zimesuuzwa kwa maziwa. Fundi aliyeifunga aliiacha kwenye kipimo cha kiwandani cha ugumu wa maji, yaani wingi wa madini hayo. Nikapandisha kipimo, nikajaza chumvi yake maalumu kwenye tundu la chini, utando ukaisha. Chumvi hiyo haigusi vyombo. Kazi yake ni kuipa nguvu mpya sehemu inayonasa chokaa maji yanapoingia. Ya mezani usiweke, ina viambato visivyotakiwa mle ndani. Hiyo maalumu huadimika hapa mjini, kwa hiyo nikienda Dar narudi na ya kutosha.

Kwa kuosha, naisifu bila kusita. Sahani za pilau, bakuli za mchuzi, vikombe vilivyoshika rangi ya majani ya chai: vyote safi, vya moto, vikavu. Mtihani wenyewe ni mlenda. Ukiwa bado mbichi kwenye bakuli unaondoka wote. Ukilala hadi asubuhi, unabaki uzi wa kijani umeng'ang'ania ukingoni, na ni programu ya nyuzi 65 tu inayoung'oa. Ukoko wa ugali wa uwele kwangua kwanza, maana ukiingia nao unaishia kwenye chujio, na chujio likijaa maji machafu yanazungushwa tena juu ya vyombo. Mimi nalitoa na kulisugua kwa mswaki wa zamani.

Sufuria za alumini zisiingie kabisa. Sabuni yake ni kali, zinatoka zimefifia na kuwa nyeusi. Mwiko na kibao cha kukatia navyo hupasuka. Kwa jikoni zetu hizo ni nusu ya kazi, na muuzaji hakunigusia hata kidogo.

Jambo jingine ni presha. Tanki letu liko juu ya mnara wa mita 3, yaani karibu bar 0.3, wakati mashine inataka angalau bar 0.5. Ikawa inasimama katikati na kuwasha taa ya kukosa maji mpaka tulipofunga pampu ndogo. Pampu hiyo iingize kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Programu ya kubana matumizi inachukua zaidi ya saa tatu, na umeme wake ni kama uniti moja. Naiwasha usiku tukienda kulala. Maji ni lita kama 10 kwa mzigo mzima. Kwa mkono, vyombo hivyo hivyo vilikuwa vinatumalizia ndoo mbili za lita 20. Kiangazi mgao ukibana na tanki likishuka, hapo ndipo ninapoipenda zaidi: sahani za wageni wa Jumapili zinaoshwa zote, na maji ya kuoga watoto bado yapo.