Kamera za boksi: ipi ununue kwanza kama uko Kigoma

Wakuu, tangu nibandike ukutani zile picha za Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, kila anayeingia kwangu anauliza anunue kamera gani ya boksi, zile za zamani za mkanda zenye umbo la sanduku, ngoja nimwage yote hapa. Kwanza kabisa usiangalie urembo wa kamera, angalia inakula mkanda (filamu) wa saizi gani, na saizi zenyewe zinaitwa kwa namba. Mkanda wa 120 unatengenezwa mpaka leo, Ilford wanao, Kodak wanao, Foma wanao. Ya 116 na 616 Kodak waliacha mwaka 1984, ya 620 wakaacha 1995, ukikosea hapo umenunua pambo la kabati.

Namba moja kwangu ni Agfa Synchro Box, ya Ujerumani miaka ya 1950. Ni ya bati, inakula 120, inatoa picha 8 kubwa za sentimita 6 kwa 9. Ninachoipendea ni kale kaulimi ka kuvuta, kanakupa tundu kubwa la mwanga, tundu dogo au filta ya njano, na hiyo filta ndo mpango mzima huku kwetu maana inatia giza kidogo kwenye bluu ya anga alafu mawingu ya upande wa Kongo yanatokeza vizuri. Siku ile Kibirizi ilikuwa saa tatu asubuhi, jua liko mgongoni, mama mmoja anageuza dagaa mchangani, nimeibana kamera tumboni nachungulia kwenye kioo cha juu ambako kulia kunakuwa kushoto, nikashika pumzi, nikabonyeza taratibu kabisa, kwa sababu shata (kile kimlango kinachopitisha mwanga) za hizi boksi ni za polepole na ukitikisika kidogo tu picha imeenda. Ile picha mpaka mikunjo ya kanga yake inaonekana.

Namba mbili ni No. 2 Brownie ya Kodak. Ilitoka 1901 na ndo iliyokuja na mkanda wa 120 wenyewe. Bei yake kawaida haiumi, ila chukua za baadaye za aluminiamu, za mwanzo ni karatasi ngumu na masika yetu haziyapendi. Alafu kuwa makini, kuna ndugu yake anaitwa No. 2A, kwenye picha ni mapacha, ila huyo anakula 116. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniandikia No. 2, nikasubiri mzigo wiki sita, kufungua, spuli ya 120, yaani kijiti cha kuzungushia mkanda, inapwaya humo ndani haishiki popote. Kurudisha akakataa. Iliniuma sana, kwa hiyo kabla hujatuma hela mwambie afungue nyuma apige picha pale palipoandikwa aina ya mkanda.

Tatu Box-Tengor ya Zeiss Ikon, nzuri sana lakini nyingine ni za 116 au 127, uliza. Nne Brownie Hawkeye, picha 12 za mraba, hii ni ya 620, nyingi zinakubali spuli ya 120 upande wa kulisha, unakoanzia mkanda mpya, ila upande wa kupokea, unakojizungushia ukishapigwa, lazima iwe ya 620, hivyo anayekusafishia picha lazima akurudishie spuli. Usianze nayo.

Ikishafika fungua nyuma, elekeza dirishani, bonyeza shata uone mwanga unapita na kukata. Ingia chumba cha giza, washa tochi ndogo ndani ya boksi, ufunge, utafute panapovuja. Kile kidirisha chekundu cha nyuma, cha kusomea namba ya picha, kibandike tepu nyeusi, mikanda ya zamani haikuona rangi nyekundu lakini ya leo inaona, unabandua kivulini tu wakati wa kuzungusha kutafuta namba.

Mkanda wa kuanzia chukua ISO 100 (ISO ni namba ya wepesi wa mkanda kushika mwanga) nyeusi na nyeupe, jua letu linautosha, ISO 400 weka kwa siku za mawingu. Mtu asimame hatua nne kutoka kwako, akikukaribia zaidi ya hapo anatoka ukungu. Na kamera ije na spuli moja tupu ndani, bila hiyo mkanda wa kwanza hauna pa kujizungushia, ukishaupiga wote ile iliyobaki upande wa kulisha ndo unaihamishia upande wa pili kwa ajili ya mkanda unaofuata.