Jetski ya mtumba kwa Ziwa Victoria: kabureta moja au mbili?

Desemba ikikaribia simu yangu hailali. Mtu ameona jetski ya mtumba Mombasa, muuzaji amemtumia picha, naye ananiuliza: "Fundi, hii ina kabureta mbili. Si ndiyo yenye nguvu?" Ndiyo, ina nguvu: kabureta huchanganya petroli na hewa ya kulisha injini. Ila mashine hiyo inakuja Kisumu, na maji ya huku, hewa ya huku na mafundi tulionao ndio watakaoamua kama utaifurahia.

Jetski nyingi za miaka ya 1990 zina injini ya tustroki (ya mipigo miwili) ya silinda mbili. Pale oili inapochanganywa na petroli tangini, mchanganyiko huo ndio unaolainisha pistoni. Kwa hiyo petroli ikipungua kwenye silinda, oili imepungua pamoja nayo. Kabureta ikiwa moja, inalisha silinda zote mbili. Zikiwa mbili, kila silinda ina yake, hewa inaingia kwa wingi, na ukiibonyezea mafuta mpaka mwisho unahisi kabisa jinsi mashine inavyoruka. Nikizipanga kwa anayenunua, ziko hivi.

Nafasi ya kwanza: tustroki ya kabureta moja

Kama unataka ya kubeba watu ufukweni, tafuta Yamaha WaveRunner III ya 650. Kama unapenda kuendesha umesimama, kuna Kawasaki 750 SX, au Yamaha Super Jet ya 1994 na 1995 yenye injini ya cc 701.

Naziweka juu kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Kijana mmoja wa ufukwe wa Dunga, hapa Kisumu, aliniletea mashine ya kabureta mbili aliyokuwa ameinunua miezi mitatu tu kabla. Alisema ilikuwa inakimbia vizuri, tena siku hiyo ilikimbia kuliko siku zote, kisha ikazima ghafla katikati ya maji. Nilipofungua kichwa cha injini, silinda ya mbele ilikuwa safi. Ya nyuma, pistoni ilikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya hindi. Nikafungua kabureta zote mbili. Ndani ya ile ya nyuma kuna kichujio kidogo cha wavu, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, nacho kilikuwa kimezibwa na utando wa kijani wa petroli iliyolala muda mrefu. Silinda moja ilikuwa na kiu ya petroli na oili, mwenzake akaendelea kuivuta, na mwendeshaji hakujua lolote mpaka pistoni ikayeyuka.

Kabureta moja ikiziba, silinda zote mbili zinakosa mafuta pamoja. Mashine inasita, inakohoa, inakataa kupanda mwendo. Unarudi ufukweni, unasafisha, unaendelea na kazi. Tofauti hiyo kwangu ina thamani kuliko kasi yoyote.

Nafasi ya pili: injini ya mipigo minne isiyo na kabureta

Mfano mzuri ni Yamaha VX110 iliyotoka mwaka wa 2005, yenye injini ya cc 1052 na mafuta yanayopimwa kwa kompyuta. Huchanganyi oili, moshi hakuna, na inajirekebisha yenyewe kulingana na hewa. Kwa mwenye mtaji na biashara ya kila siku, ningemshauri aifikirie kwanza. Nimeishusha kwa sababu ni nzito kuitoa majini bila trela, na kihisio kikikufa, bisibisi na spana hazitakusaidia; unahitaji mashine ya kusoma kompyuta yake na mtu anayeielewa.

Nafasi ya tatu: tustroki ya kabureta mbili

Hapa kuna Super Jet kuanzia 1996, Kawasaki 750 SXi, na WaveBlaster II. Ni mashine tamu. Nunua kama unaendesha peke yako, unaijua kwa sauti, na uko tayari kufungua kabureta zote mbili kila msimu. Vipepeo vyake vya hewa, yaani vilango vinavyoingiza hewa, lazima vifunguke kwa pamoja, la sivyo injini itatetemeka. Usiikodishe kwa wageni. Na usikubali fundi akushawishi kuongeza kabureta ya pili kwenye mashine iliyotoka kiwandani na moja.

Sasa hewa. Ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 10. Naivasha inafika kama asilimia 17. Jetski iliyosetiwa pwani ikifika Kisumu hunywa petroli kupita kiasi: plagi zinakuwa nyeusi na mbichi, moshi unazidi, nguvu inapotea. Dawa ni kupunguza saizi ya jeti kubwa (tundu kuu linalopitisha petroli ndani ya kabureta) kidogokidogo huku ukisoma rangi ya plagi. Lakini ukiirudisha Mombasa na jeti ndogo za Kisumu, utachoma pistoni. Rudisha jeti za zamani kabla hujaishusha baharini.

Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Injini ikiwa baridi, iwake bila kubembelezwa. Kisha pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda, ukiwa umebonyeza mafuta mpaka mwisho. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, ondoka. Chomoa plagi zote mbili uzilaze pamoja kiganjani. Rangi zake zikiwa tofauti, silinda hizo hazilishwi sawa. Fungua tangi unuse: petroli iliyooza inanuka kama rangi ya zamani. Angalia pia kingo za impela (feni ya pampu inayosukuma maji), maana mchanga wa ufukweni huzila. Karatasi za forodha ziwe mkononi, na uulize Kenya Maritime Authority masharti ya usajili mapema.

Halafu gugumaji. Jetski hupozwa na maji yanayovutwa na pampu yake yenyewe, kwa hiyo majani yakiziba wavu wa chini, unapoteza mwendo na injini inachemka kwa pamoja. Ukisikia injini inapiga kelele lakini mashine haisogei, zima papo hapo, chomoa kamba ya usalama, ndipo upeleke mkono chini.

Unapoagiza mashine, agiza pamoja nayo seti ya vipuri vya kabureta yenye kiwambo, sindano na vichujio. Kwa kabureta mbili, agiza seti mbili.