Dawa za kusafishia slaidi nyumbani (E-6): uzoefu wangu na vidoa vyeusi

Slaidi ni filamu inayotoka na picha ya rangi zake halisi, si negativu, na E-6 ndo njia ya kuisafisha. Seti niloagiza ni ya unga, ya lita 1, dawa tatu: ya kwanza, ya rangi, halafu blikisi (ya kuondoa madini ya fedha kwenye filamu), na kichupa cha stabilaiza, dawa ya kusuuzia ya kumalizia. Nimeletewa na mtu alotoka Ulaya, maana hapa Unguja ukiuliza dukani utatizamwa tu. Nshasafishia roli 5, na nusu ya muda wote huo nlikuwa naitukana seti ya watu bure, ina kosa moja tu na ntalisema.

Roli ya kwanza ilikuwa Ektachrome E100, filamu ya slaidi ya Kodak, nlikwenda nayo Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, watu wanapigana magomba, kibanda cha makuti kinatiwa moto. Ikatoka mashallah, rangi unataka kuila. Sasa juu ya kibanda, kwenye mbingu, kuna vidoa vyeusi vidogo vidogo, nikasema ah masizi hayo, makuti yanaungua lazima masizi yaruke, nikamwita mpaka mdogo wangu, njoo uone hata masizi yametoka. Roli ya pili ni Forodhani alfajiri, bahari tupu, hakuna moto wala nini, na masizi yale yale yapo. Hapo ndo nikajua nna kesi.

Nikaanza na kamera. Nikaifungua, nikapuliza, nikapangusa, roli ya tatu ikatoka vile vile. Kilichoniokoa ni ncha ya mwanzo ya filamu, ile inayopigwa na mwanga ukiwa unaiingiza kwenye kamera. Kwenye slaidi ile ncha inatoka angavu kama nailoni, na mie siku zote naikata natupa. Safari hii nikaiweka juu ya simu, skrini nyeupe, nikageuza lenzi ya 50 nyuma mbele nikatizamia. Vidoa vimejaa tele! Na ile ncha ishaungua na mwanga wa nje kabla hata sijafunga kamera, vumbi la mle ndani haliwezi kuacha alama pale, kwa hiyo mchawi yumo kwenye tangi la kusafishia au kwenye kamba ya kuanikia.

Nikaikata ncha vipande viwili, kimoja nikakiroweka dakika 10 kwenye maji ya betri (yaliyosafishwa, hayana chokaa), kimoja nikakiacha kavu, halafu nikalinganisha. Kile cha maji vidoa vingi vimeondoka, hasa vile vyenye duara jeupe pembeni na vile virefu kama unywele. Vilobaki ni vya namna mbili, chembe chembe zilizoganda ndani ya ngozi ya filamu, na vichache vya duara safi kabisa kama vimechongwa.

Vile vya duara jeupe ni chokaa. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe na maji yanatoka chini yake, tizama birika lako la umeme ndani utaona utando. Tone likikauka juu ya filamu maji yanaondoka chokaa inabaki. Tangu hapo stabilaiza na maji ya mwisho ya kusuuzia natumia maji ya betri, yale yanauzwa kwenye spea za magari, ila soma chupa vizuri usije ukapewa asidi ya betri. Mama aliponiona nayo jikoni, "We mwanangu, gari unalo?" Sina mama.

Vile kama unywele, astaghfirullah, mwenyewe ndo mkosa. Nlikuwa naanika filamu ndani ya chandarua kukimbia vumbi la pangaboi, kumbe chandarua chenyewe kizee kinadondosha nyuzi. Sasa naanika chooni, kwanza namwaga maji ya moto mvuke ujae na vumbi litue, natundika, nafunga mlango kwa muda wa masaa mawili. Nyumba ya watu saba choo kimoja, fikiria mwenyewe.

Zile chembe zilizoganda ndo lawama yangu kwa seti. Blikisi ni bliichi na fiksa zimetiwa chupa moja na hazipendani, inafanya mashapo, na kila roli ikipita yanazidi. Niliimimina kwenye kipande cha kanzu ya zamani nlichokikunja mara nne na kitambaa kikabaki na kitu kama mchanga mweusi. Filamu ikiwa mo ndani ya dawa ya moto ngozi yake imelainika, chembe ikikaa inazama, ikikauka basi. Karatasi ya maelezo inasema changanya, mimina, basi, hakuna hata neno moja la kuchuja. Na unga wake hauyayuki upesi, mie sasa nachanganya leo nasafisha kesho. Kila dawa na kitambaa chake na funeli yake jamani, blikisi ikidondoka kwenye dawa ya kwanza umekwisha. Na ukitikisa tangi la blikisi fungua kifuniko kidogo mara kwa mara, inatoa gesi, mie ilinirukia shati.

Vile vya duara safi ni mapovu kwenye dawa ya kwanza. Slaidi mambo yake ni kinyume cha negativu, palipopata mwanga panatoka peupe; povu likikaa pahala dawa ya kwanza haifiki, kisha kwenye dawa ya rangi pale panakunywa rangi yote, ndo panatoka peusi. Dawa yake ni kumimina na kugonga tangi chini mara nne tano juu ya tambara. Nakaa maghorofa ya Michenzani, jirani wa chini kashapanda kuuliza mnatwanga nini usiku huu.

Joto halina shida huku. Inataka digrii 38 na maji ya simtanki saa 8 mchana yanakaribia yenyewe, beseni moja na birika pembeni unamaliza.

Roli ya 5 ncha yake ina vidoa viwili tu. Seti naipa nyota 4 kwa 5, moja nimeikata kwa ile karatasi. Picha ya kibanda cha Makunduchi nimeiroweka mara mbili, vimebaki vidoa kama kumi havitoki, na mdogo wangu bado anashikilia kuwa ni masizi.